Msizitupe Bahasha za Stempu na Sarafu

Katika nyumba nyingi za Gihosha, mtaa ule ulio juu ya vilima vya kaskazini-mashariki ya Bujumbura, ambako mtu akisimama barazani huliona Ziwa Tanganyika na ng'ambo yake milima ya Kongo, vitu vya marehemu havifunguliwi kwa pupa, bali warithi hungoja mpaka kuganduka, yaani kuondoa matanga, kumekwisha fanywa, ndipo sanduku hushushwa na mali ikagawanywa. Na ikiwa marehemu alikuwa karani, mwalimu au mtumishi wa posta tangu zama za Wabelgiji, si ajabu kukuta chini ya vyeti na picha kopo la biskuti lililojaa bahasha ndogo ndogo, nyingine nyeupe kama ukungu, nyingine za kaki, na ndani yake stempu na sarafu. Hapo ndipo hasara huanza, kwa maana warithi, kwa nia njema kabisa, humwaga stempu katika sahani, hutia sarafu zote katika mfuko mmoja, na bahasha huzitupa jaani.

Nasema ni hasara, na nasema kwa yakini. Sarafu hujitaja yenyewe: humwambia mwenye kuitazama ni dola gani iliyoipiga na mwaka gani, na stempu nayo hali kadhalika. Lakini habari ya nani aliyeiweka, wapi, lini, na kwa njia gani ilimfikia, haikuandikwa juu ya sarafu wala juu ya stempu. Iliandikwa, ikiwa iliandikwa popote, juu ya bahasha.

Basi atakaye kuitambua bahasha na aanze na karatasi. Zile zenye weupe wa ukungu ni za glasini, karatasi ambayo rojo la mti hupondwa kwa muda mrefu, kisha ikashindiliwa baina ya magurudumu yenye moto hata vitundu vyake vikazibika, ikawa laini na yenye kupenyeza nuru kiasi cha mtu kuiona rangi ya stempu iliyomo. Ikizeeka hugeuka manjano na kuvunjika pembeni. Sellofeni, ambayo Mswisi Jacques Brandenberger aliibuni mwanzoni mwa karne ya ishirini, ni angavu kama kioo, hulia ikifinywa, na kwa miaka hujikunja na kusinyaa. Bahasha za kaki, aghalabu za mraba wa inchi 2, ndizo za sarafu, ingawa wakusanyaji wa kwetu walitumia pia bahasha za mshahara, zenye mistari ya jina, namba na kiasi. Amma vifuko vya plastiki laini yenye harufu kali, hivyo ni vya nusu ya pili ya karne hiyo ya ishirini, na ndivyo vyenye madhara makubwa kupita vyote, kwa kuwa mafuta yaliyotiwa humo ili kuilainisha plastiki hutoka polepole yakaacha juu ya shaba utando wa kijani wenye kunata.

Baada ya karatasi, tazama mwandiko. Wino wa zamani uliotiwa chuma hugeuka hudhurungi na wakati mwingine huila karatasi. Kalamu ya risasi haifi wala haihesabiki umri. Lakini kalamu ya kijipira, tunayoiita biki, ina tarehe yake, kwani mbunifu wake, Bíró, alipata hati ya ubunifu huo huko Argentina mwaka 1943, zikaanza kuuzwa Marekani mwaka 1945, na ile ya Bic iliyoenea mpaka vijijini ilitoka Ufaransa mwaka 1950. Fauka ya hayo, ukiwa na ile taa ya urujuani ambayo wabadilishaji fedha hukagulia noti, imulike bahasha gizani: karatasi nyeupe iking'aa kwa nuru ya kibuluu imetiwa dawa ya kuing'arisha, na dawa hiyo ilienea katika viwanda vya karatasi tangu mnamo mwaka 1950.

Lakini dalili ninayoipenda kuliko zote ni majina ya miji, na katika jambo hili sisi wa pande hizi tumejaliwa kuliko Wazungu, kwa sababu miji yetu imebadilishwa majina nasi tukiwa hai. Bahasha iliyochapwa Usumbura, jina la zamani la Bujumbura, ni ya kabla ya uhuru wa mwaka 1962. Iliyochapwa Kitega vivyo hivyo. Na yenye Astrida yatoka Rwanda ya zamani, kabla mji ule haujaitwa Butare. Ya mfanyabiashara wa Léopoldville, Élisabethville au Stanleyville haivuki mwaka 1966, miji hiyo ilipokuwa Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani. Nimesema iliyochapwa, si iliyoandikwa kwa mkono, maana wazee wengi waliendelea kuandika Usumbura miaka mingi baada ya jina kwisha, kwa mazoea tu. Anwani za Ulaya na Marekani nazo zina hesabu zake: namba 5 za posta ya Marekani zilianza mwaka 1963, na namba 4 za Ubelgiji mwaka 1969. Tena ziko namba za katalogi zilizoandikwa pembeni. Anayefuata Yvert ni mwanafunzi wa Wafaransa, anayefuata Michel amejifunza kwa Wajerumani, anayeandika SG amemfuata Stanley Gibbons wa London, na mwenye COB anatumia katalogi rasmi ya Wabelgiji, ambayo ndani yake Kongo na Ruanda-Urundi zimo pamoja na Ubelgiji yenyewe.

Katika kopo moja nililoonyeshwa Gihosha, bahasha tatu zilinishughulisha mchana kutwa. Ya kwanza ilikuwa ya kaki, mwandiko wake wa wino uliogeuka hudhurungi, na ndani yake rupia ya Kijerumani yenye sura ya Kaiser Wilhelm II aliyevaa kofia yenye tai, imekuwa nyeusi ukingoni na buluu katikati. Weusi ule ni athari ya kiberiti kilichomo katika karatasi duni ya kaki, na fedha haigeuki hivyo kwa siku chache. Rangi ya sarafu na umri wa mwandiko vikashuhudiana kwamba viwili hivyo vilikaa pamoja miaka mingi. Nikawasihi warithi wasiisugue, kwani sarafu iliyosuguliwa haiwezi kurudishiwa uso wake wa asili.

Ya pili ilikuwa ya glasini, nayo ilikuwa na stempu za maua na wanyama za Ruanda-Urundi zilizopigwa chapa ya jina la Ufalme wa Burundi, toleo la mwaka 1962. Jamaa wote walikuwa na itikadi kwamba marehemu alizinunua dirishani katika posta ya hapa mjini, siku za furaha ya uhuru. Walakini bahasha ilichapwa jina la duka la Brussels, na anwani yake ilikuwa na zile namba 4, basi haikuwa ya kabla ya mwaka 1969. Yaelekea, basi, stempu zile ziliondoka Burundi zikaenda Ulaya, kisha yeye akazinunua huko kwa fedha yake na kuzirudisha nyumbani. Mimi naiona habari hii kuwa tukufu kuliko ile ya kwanza. Burundi ya miaka ile ilitoa stempu nyingi mno, za rangi na fahari, zikiwalenga wakusanyaji wa nchi za mbali kuliko watu wenye barua za kutuma, na ni Warundi wachache waliobaki na zilizo zao, lakini huyu alizifuata. Kama bahasha ingalitupwa, jambo hili lisingalijulikana na mwanawe yeyote.

Ya tatu ilihitaji hadhari. Ilikuwa nyeupe, imeandikwa "Urundi 1916", na ndani yake stempu ya Kongo ya Wabelgiji yenye chapa URUNDI, mojawapo ya zile za wakati wa Jenerali Tombeur, mkuu wa majeshi ya Wabelgiji, baada ya majeshi hayo kuuteka mji huu kwa Wajerumani mwezi wa Juni mwaka huo. Chapa hizi zimeghushiwa sana, na stempu ya Kongo iliyo halali kabisa huweza kupigwa chapa ya uongo miaka mingi baadaye. Mwandiko ulikuwa wa biki, na karatasi iling'aa chini ya taa. Basi bahasha haikuwa shahidi wa mwaka 1916, wala haikutosha kuifanya stempu kuwa batili. Ilionyesha tu kwamba aliyeandika tarehe ile aliiandika kwa kusikia au kwa kusoma, na stempu yenyewe ikabaki ya kupelekwa kwa mtaalamu wa chapa hizo.

Kwa hiyo yanipasa kuwaomba warithi, kabla ya kutoa kitu chochote, waipige picha kila bahasha mbele na nyuma pamoja na kilichomo, kisha waipe namba kwa kalamu ya risasi. Stempu na ihamie katika glasini mpya, sarafu katika kifuko cha poliesta, namba ile ile ikiandikwa juu ya kila kimoja kabla ya kutiwa kitu ndani. Na bahasha kuukuu ilazwe katika sanduku lake mbali na fedha na shaba. Kazi hii na ifanywe wakati wa kiangazi, kwani mvua zikianza unyevu wa ziwa hupanda mpaka vilimani, gundi ya stempu mpya ikayeyuka na kushika glasini; na ikiwa imekwisha kushika, msiivute wala msiitie maji, bali iacheni ndani ya bahasha yake kama ilivyo mpaka apatikane mwenye kuijua kazi hiyo.