Beringi za kerezo dogo: pima kwanza, nunua baadaye

Kerezo dogo la mezani la Sieg, C2 au C3, linatoka Shanghai na kuuzwa duniani kwa rangi na majina chungu nzima. Mwenye nalo hakawii kuambiwa abadilishe beringi za mhimili. Wapo ambao ushauri huo unawafaa kweli, na wapo wanaonunua beringi za bei kubwa halafu kazi ikabaki vilevile, kwa kuwa hawakupima kabla ya kununua.

Kipimo chenyewe hakina gharama kwa mwenye geji ya saa. Igusishe ndani ya tundu la mhimili, lile lililochongwa kwa mteremko wa Morse namba 3, wala si kwenye chaku. Zungusha mhimili kwa mkono. Sindano ikicheza chini ya sehemu moja ya mia ya milimita, beringi hazina kosa. Kinachoyumba ni chaku, na chaku ya mataya matatu inayokuja na mashine hizi huyumba zaidi ya hapo mara kadhaa. Beringi mpya hazitaiponya. Kisha ingiza gongo la mbao kwenye chaku, ulinyanyue na kulishusha huku ukitazama geji. Mhimili ukipanda na kushuka, kaza kidogo nati ya nyuma, upime tena. Mara nyingi ugonjwa huishia hapo bila kutoa senti.

Usipokwisha, sasa ndipo tuzungumze bei. Nitataja dola, maana vipuri hivi huagizwa nje, na viwango hivi ni vya kukadiria tu.

Kutoka kiwandani mashine huja na beringi namba 6206: tundu milimita 30, nje 62, upana 16. Ni gololi za kawaida, zimezibwa pande zote na hazidai grisi. Pea mpya ya kampuni inayoaminika huwa kati ya dola 20 na 40. Kwa anayekereza alumini, shaba na plastiki, hizi zinatosha, na nisingemshauri atumie zaidi.

Namba 7206 ina vipimo hivyohivyo, ila gololi zake zimeelekezwa kwa pembe ili zibebe msukumo wa pembeni na zikubali kubanwa na nati hadi uchezaji uishe. Inaingia bila kuchonga chochote. Pea yake hugharimu kama dola 40 hadi 80. Zipo za daraja la juu la usahihi, P4, ambazo bei yake hufika mamia ya dola. Hizo achana nazo. Nyumba ya chuma cha kutupwa zinamokaa haikuchongwa kwa usahihi huo, kwa hiyo utalipia kitu ambacho mashine haiwezi kukupa.

Kisha kuna tepa, namba 30206. Badala ya gololi inayogusa kwa nukta, ina roli inayogusa kwa mstari mzima, na uwezo wake wa kubeba mzigo ni kama maradufu ya 6206. Kwa kerezo, faida kubwa ni ugumu: unapokata kipande kwa kisu chembamba, chuma hakilii wala kisu hakirukiruki. Cha kushangaza ni kwamba si ghali. Pea ni kama dola 30 hadi 50, na kwa kuwa namba hii ni ya kawaida, muulizie muuza beringi wa Kariakoo au Kirinyaga Road kabla ya kuagiza ng'ambo.

Gharama ya tepa imejificha kwingine. Upana wake ni milimita 17.25, kwa hiyo pea inaongeza milimita 2.5, na bushi ya mhimili lazima ipunguzwe. Kerezo lako wakati huo limefumuliwa, haliwezi kujikerezea bushi, basi weka akiba ya malipo ya fundi mwenye mashine nyingine. Tepa pia ziko wazi: zinataka grisi na kinga ya kuzuia chembe za chuma. Nati ikikazwa kupita kiasi zinachemka. Na zikifungwa kinyume, tepa au 7206, nati haibani kitu.

Kuzitoa na kuziingiza usitumie nyundo, kwani pigo likipitia kwenye gololi huacha vijishimo na beringi inakufa siku ileile. Tumia fito ndefu ya nyuzi, nati na washa nene, uvute taratibu. Jihadhari pia na bandia: jina kubwa kwa bei ya kutupa ni dalili mbaya. SKF wana programu ya simu iitwayo SKF Authenticate kwa ajili ya kuhakiki bidhaa zao.

Uamuzi wangu: anayekata chuma kigumu mara kwa mara anunue 30206, hakuna fedha itakayomfaa zaidi ndani ya mashine hii. Anayetaka nafuu bila kuhangaika na bushi achukue 7206 ya daraja la kawaida. Wengine wote wabaki na 6206 nzuri. Na kama kerezo lako lina gia za plastiki kwenye mhimili, agiza za chuma pamoja na beringi, maana kazi ya kulifumua ni ileile.