Misimu iliyochakaa huwatatiza wanaojifunza Kiingereza

KAMUSI humweleza mwanafunzi maana ya neno, lakini si kila mara humweleza umri wake. Hapo ndipo wengi wanaojifunza Kiingereza hukwama, hasa wanapotegemea riwaya kuukuu na filamu za zamani ili kuinoa lugha yao.

Chukua neno ‘swell’. Anayelitafuta katika kamusi ndogo hukuta kwamba ni kitenzi chenye maana ya kuvimba. Lakini mhusika wa filamu ya Marekani ya miaka ya 1930 au 1940 anapotamka kwamba jambo fulani ni ‘swell’, hamaanishi kuwa limevimba. Analisifu kuwa ni zuri mno.

Msemo ‘the bee’s knees’, yaani magoti ya nyuki, nao huzua kizungumkuti. Ulivuma Marekani katika miaka ya 1920, ukitumiwa kukisifu kitu cha kupendeza kupita kiasi. Atakayetafuta uhusiano wa nyuki na sifa hiyo atajichosha bure, kwani ulikuwa mzaha tu. Vijana wa enzi hizo walisema pia ‘the cat’s pyjamas’, nguo za kulalia za paka, wakimaanisha jambo lilo hilo.

Katika Kiswahili, maneno ya aina hii huitwa misimu, na jina lenyewe ladokeza tabia yake. Huzuka, huvuma kwa kipindi fulani, kisha aghalabu hutoweka.

Sababu ni kwamba misimu huundwa na kikundi, hasa cha vijana, ili wajitambulishe na kujitenga na wengine. Pindi wazazi, walimu na matangazo ya biashara yanapolidaka neno, ladha yake huisha na vijana hulitupa.

Hayo ndiyo yaliyolisibu neno ‘groovy’. Chanzo chake ni ‘groove’, mfereji mwembamba ambamo sindano ya santuri hupita. Wanamuziki wa jazz wa miaka ya 1930 walisema mpigaji aliyekolea yumo ndani ya mfereji huo. Katika miaka ya 1960 neno lilienea kote miongoni mwa vijana. Siku hizi, anayelitamka huchekwa, isipokuwa kama anafanya mzaha.

Hata hivyo, si misimu yote hufa. ‘Cool’, neno jingine lililoenezwa na wanajazz, lingali hai vinywani mwa vijana.

Kwa msomaji wa Kenya, mfano ulio karibu zaidi ni ‘bob’. Nchini Uingereza, hili lilikuwa jina la mtaani la shilingi, ambapo shilingi 20 zilifanya pauni moja. Mnamo Februari 15, 1971, nchi hiyo iliingia katika mfumo mpya wa pauni yenye peni 100. Shilingi ikaondolewa katika hesabu, na ‘bob’ ikaanza kufifia.

Kenya, iliyorithi shilingi kutoka enzi za ukoloni, haikuitupa. Makanga na wachuuzi wangali wanataja ‘bob’ kila uchao. Kwa hivyo, msomaji wa Nairobi anayekutana na ‘ten bob’ katika riwaya ya Agatha Christie huenda akaelewa upesi kuliko kijana wa London.

Lakini naye ajihadhari. Shilingi 10 za riwaya hiyo ni nusu ya pauni ya wakati huo, wala si sarafu ya kununulia peremende.

Mwanafunzi afanyeje, basi? Kwanza, atazame mwaka ambao kitabu au filamu ilitolewa kabla ya kuiga lugha yake. Pili, atumie kamusi ya wanafunzi wa Kiingereza iliyo kamili, kwani hizo huweka alama kwenye maneno yaliyopitwa na wakati. Zipo pia kamusi za misimu pekee, kama vile ya Eric Partridge iliyochapishwa mwaka wa 1937 na ya Jonathon Green ya mwaka wa 2010.

Zaidi ya yote, atofautishe kuelewa na kutumia. Msimu mkongwe humfaa msomaji, kwani bila kuujua hataonja utamu wa hadithi. Lakini anayesailiwa kazi akamjibu mwajiri kwamba mshahara ni ‘swell’ atakuwa ameteua neno la enzi za babu yake, hata kama sarufi yake haina kasoro.