Kiingereza Mlangoni, Kiingereza Ndani: Badiliko la Mwelekeo wa Super Matimila katika Albamu ya *Mambo* (1992) na Funzo Lake kwa Sera ya Kiswahili Kasese na Bwera

Ikisiri

Makala haya yanaeleza badiliko la mwelekeo wa bendi ya Orchestra Super Matimila, iliyoongozwa na Remmy Ongala, kati ya albamu ya *Songs for the Poor Man* (1989) na *Mambo* (1992). Hoja kuu ni kwamba badiliko hilo lilikuwa la msikilizaji anayelengwa kabla ya kuwa la magitaa, na kwamba alama yake ya wazi zaidi ni lugha. Kisa hiki kinasomwa kwa kuzingatia mpaka wa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yaani Kilembe, Kasese na Bwera, ambako Kiswahili cha Kongo na Kiswahili cha mtaala wa shule hukutana. Makala yanahitimisha kuwa sera ya Kiswahili nchini Uganda itapimwa kwa kazi ambazo lugha hiyo itapewa katika maisha ya mtu wa kawaida, hata kama jina lake limekwisha kutajwa katika katiba.

1.0 Utangulizi

Wasomi wa muziki wa dansi wa Afrika Mashariki wamezoea kueleza mabadiliko ya bendi kwa kutaja ala, mitindo na wanamuziki waliohama. Maelezo hayo ni ya lazima, lakini hayatoshi bendi inapoanza kurekodi kwa ajili ya soko la nje. Hapo swali la msingi huwa ni nani anayeambiwa. Ala zinaweza kubaki zilezile, mpigaji akabaki yuleyule, na bado wimbo ukawa umegeuka kumwelekea msikilizaji mwingine.

Swali hili lina uzito katika wilaya ya Kasese. Bwera, pamoja na kituo cha forodha cha Mpondwe, inapakana na Kasindi upande wa Kongo. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo husema lugha zilizo karibu sana, na Kiswahili huwaunganisha na wageni wengine wa soko na barabara. Kuchagua lugha ya wimbo, tangazo au fomu katika eneo kama hili ni kuchagua nani ataelewa.

2.0 Bendi na Njia Iliyopita

Ramadhani Mtoro Ongala, aliyejulikana kama Remmy, alizaliwa Kindu, mashariki ya Kongo, mwaka 1947. Kindu imo katika ukanda unaosema Kiswahili, kwa hiyo msanii huyu hakukuta lugha ngeni alipofika Dar es Salaam mwaka 1978. Alikuta lahaja nyingine ya lugha aliyokua nayo. Alijiunga kwanza na Orchestra Makassy, bendi iliyokuwa imeanzia Kampala kabla ya kuhamia Tanzania katika miaka ya 1970. Baadaye aliingia Matimila, ambayo chini yake ilikuja kujulikana kama Super Matimila.

Njia hii ya Kindu, Kampala na Dar es Salaam inaeleza mengi. Magitaa ya Kongo yalikutana na desturi ya Kitanzania ya wimbo wenye mawaidha. Muundo ulikuwa ule wa dansi: sehemu ya kwanza ya taratibu inayobeba kisa, kisha chemko ambamo magitaa hutangulia na wachezaji huingia uwanjani. Katika sehemu ya kwanza Ongala alizungumzia kifo, unyonge, ndoa na unafiki. Sinza, mtaa alioishi Dar es Salaam, bado una mahali panapoitwa Kwa Remmy.

Mapato ya bendi za wakati huo yalitegemea zaidi kiingilio cha mlangoni. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa studio kuu na pia mrushaji mkuu wa nyimbo, nazo kaseti zilinakiliwa ovyo. Tanzania ilipata sheria mpya ya hakimiliki mwaka 1999 tu. Kwa hiyo mwaliko wa WOMAD mwaka 1988, na albamu ya *Nalilia Mwana* iliyotoka Uingereza mwaka huohuo, ulifungua mlango ambao soko la nyumbani halikuwa nao. Mwaka 1989 ilifuata *Songs for the Poor Man*, chini ya Real World, lebo iliyoanzishwa mwaka huo na WOMAD pamoja na Peter Gabriel, mwanamuziki wa roki aliyewahi kuongoza uimbaji katika bendi ya Genesis.

3.0 Mnyonge si Maskini

Badiliko la mwaka 1992 lilitanguliwa na dalili moja iliyoonekana kwenye jalada la mwaka 1989. Neno linalojirudia katika kazi za Ongala ni *mnyonge*. Limo katika jina la wimbo "Mnyonge Hana Haki" wa albamu ya 1988, na katika "Sauti ya Mnyonge" wa albamu ya 1989. Hata hivyo jina la Kiingereza la albamu hiyo ya pili linamtaja mtu maskini.

Tofauti ya maneno haya si ndogo. Maskini hupungukiwa na mali. Mnyonge hupungukiwa na nguvu, na hana wa kumsemea. Mtu anaweza kuwa na ng'ombe na shamba akawa mnyonge mbele ya karani. Anaweza pia kuwa maskini asiwe mnyonge, kwa kuwa ana ukoo unaomtetea. Aidha, msemaji wa Kiswahili anapoisikia kauli kwamba mnyonge hana haki, huikumbuka methali isemayo: *mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni*. Methali inaamuru haki itolewe, na jina la wimbo linalalamika kwamba haipo. Ubishi huo kati ya wimbo na methali ndio unaoupa wimbo makali, nao unamhitaji msikilizaji aliyekwisha kuijua methali. Katika tafsiri ya jalada ubishi huo unapotea: suala la haki linageuka kuwa suala la fedha.

Katika albamu ya 1989, hata hivyo, upungufu huo uliishia kwenye jalada. Nyimbo zenyewe, kama vile "Nasikitika", "Usingizi" na "Muziki Asili Yake Wapi", zilibaki na Kiswahili. Mgeni alikaribishwa kwa lugha yake mlangoni, na alipoingia ndani alikuta wenyeji wakizungumza lugha yao.

4.0 Kilichobadilika katika *Mambo*

Albamu ya *Mambo* ilipotoka mwaka 1992, pia chini ya Real World, mpangilio huo ulipinduliwa. Jina la albamu lilikuwa la Kiswahili, neno fupi ambalo mgeni hulishika upesi na ambalo vijana wa Dar es Salaam hulitumia kama salamu. Lakini ndani yake sasa zilikuwamo nyimbo za Kiingereza, zikiwamo "One World" na "I Want to Go Home". Kiingereza kilikuwa kimetoka mlangoni kikaingia ndani ya nyumba, na Kiswahili kikasogezwa jaladani.

Kwa upande wa muziki, msingi haukubomolewa. Magitaa yanayoitikiana, mwendo wa ngoma na sauti ya Ongala yenye ukali wa mhubiri vilibaki. Kiswahili nacho hakikuondolewa. Albamu ina nyimbo zinazokitumia. Ndiyo sababu ni makosa kueleza badiliko hili kama bendi kuacha asili yake. Kilichobadilika ni uhusiano wa mwimbaji na msikilizaji. Wimbo wa Kiswahili wa Ongala ulikuwa na mtu mahususi mbele yake, aliyeijua methali na aliyeweza kujiona katika kisa. Wimbo kuhusu dunia moja, ulioimbwa kwa Kiingereza, unamwelekea kila mtu. Ujumbe ni wa heri, lakini msikilizaji hadaiwi lolote mahususi.

Haki inamtaka mtafiti aseme pia faida zilizokuwapo. Mwimbaji aliyesimama mbele ya hadhira ya Ulaya iliyokuwa ikicheza bila kujua kinachosemwa alikuwa na sababu nzuri ya kutaka aeleweke. Kwa msanii aliyejali ujumbe kuliko mtindo, kuimba kwa lugha ya hadhira ni mwendelezo wa kanuni yake: sema na mtu kwa lugha anayoielewa. Gharama ilitokana na ukweli kwamba kanuni hiyohiyo, ilipohamishiwa kwa hadhira nyingine, ilimweka pembeni yule aliyekuwa akiambiwa mwanzo.

Mfano wa kulinganisha ni "Mambo kwa Soksi", wimbo wa Ongala uliohimiza matumizi ya kondomu wakati UKIMWI ulipokuwa ukisambaa. Radio Tanzania haikukubali kuurusha, lakini ulijulikana kupitia madansi na kaseti. Neno *soksi* lilikuwa la mtaani, lenye mzaha unaopunguza aibu, na lilieleweka papo hapo. Kazi ambayo wimbo huo uliifanya nyumbani isingeweza kufanywa na wimbo wa Kiingereza uliolenga tamasha la nje, hata kama ungepigwa na bendi ileile kwa ustadi uleule.

5.0 Kisa Hiki Kikisomwa kutoka Mpakani

Kiswahili kiliingia maeneo ya Rwenzori kwa njia kadhaa. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, na mgodi wa shaba wa Kilembe ukakusanya wafanyakazi wa makabila mengi. Katika makambi ya namna hiyo Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi na ya ujirani. Uchimbaji ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Njia ya pili ni biashara na jamaa wa upande wa Kongo. Njia ya tatu, iliyoacha kumbukumbu mbaya katika sehemu nyingi za Uganda, ni jeshi na polisi: kwa raia wengi Kiswahili kilisikika kwanza kama lugha ya amri.

Katika sheria, Kiswahili kimepanda hadhi. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, kitakachotumika katika mazingira ambayo Bunge litayaainisha kwa sheria. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, na mwaka huohuo Kongo ikawa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hata hivyo mfanyabiashara mdogo anayevuka Mpondwe hukutana hasa na maandishi ya Kiingereza upande mmoja na ya Kifaransa upande wa pili. Hali hiyo inafanana na albamu ya 1992: Kiswahili kimo jaladani, na shughuli za ndani zinaendeshwa kwa lugha nyingine. Mfanyabiashara huyo huenda si maskini, lakini mbele ya fomu asiyoweza kuisoma ni mnyonge.

Hatari ya hali hii ilidhihirika Juni 2019, wagonjwa wa Ebola waliovuka kutoka Kongo walipogunduliwa wilayani Kasese na kupelekwa Bwera. Mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri, ulioanza mwaka 2018, uliua zaidi ya watu 2,200 hadi ulipotangazwa kwisha mwaka 2020. Katika mazingira hayo ujumbe wa afya unapaswa kueleweka pande zote mbili za mto Lhubiriha siku hiyohiyo. Kikonzo na Kinande huwafikia wengi wa wenyeji. Kiswahili huwafikia madereva, wachuuzi na wakimbizi wasiozisema lugha hizo.

6.0 Mapendekezo

Kwanza, Kiswahili kipewe kazi kabla ya kuongezewa sifa. Fomu za forodha za wafanyabiashara wadogo, matangazo ya afya, na tahadhari za mafuriko ya mto Nyamwamba, uliofanya uharibifu mkubwa Kilembe mwaka 2013 na 2020, ni mahali pa kuanzia. Matangazo hayo yaandikwe kwa Kiswahili sambamba na Kikonzo.

Pili, walimu wasikifanye Kiswahili cha Kongo kuwa kosa la kufutwa. Mtoto wa Bwera anayesikia *batoto* sokoni na kufundishwa *watoto* darasani anaweza kuonyeshwa kwamba kiambishi *ba-* kinakaribiana na *aba-* ya Kikonzo, kama katika *abana*. Kwa njia hiyo lahaja ya sokoni inakuwa ngazi ya kufikia Kiswahili sanifu. Ongala mwenyewe ni ushahidi kwamba mtu aliyekulia Kiswahili cha Kindu anaweza kuwa sauti inayopendwa Dar es Salaam.

Tatu, nyimbo za dansi zitumike katika ufundishaji wa msamiati wa haki na wajibu. Somo moja juu ya *mnyonge*, *maskini* na *fukara* linaweza kumpa mwanafunzi zaidi ya orodha ya visawe, kwa kuwa linamwonyesha jinsi lugha inavyogawa nguvu.

Nne, washauri wa sera wanaoagiza nyimbo za kampeni waulize kwanza nani atakayeambiwa, ndipo wachague lugha, na mwisho wamchague msanii. Mara nyingi mpangilio huu hufuatwa kinyume.

7.0 Hitimisho

Remmy Ongala aligeuza mwelekeo tena katika miaka yake ya mwisho, safari hii kwenda katika muziki wa injili, na alifariki tarehe 13 Desemba 2010. Katika kazi yake yote, albamu ya *Mambo* inabaki kuwa mahali ambapo uhusiano wa lugha na msikilizaji unaonekana waziwazi. Inaonyesha kwamba bendi inaweza kulinda sauti yake na bado ikahamisha mazungumzo yake kwa mtu mwingine. Taifa pia laweza kulinda jina la lugha katika katiba na bado likaendesha mazungumzo yake kwa lugha nyingine. Kwa Kasese na Bwera, kipimo cha sera ya Kiswahili kitakuwa iwapo mtu aliye kwenye foleni ya Mpondwe ataweza kusoma tangazo lililobandikwa mbele yake na kuijua haki yake kabla ya kufika dirishani.