Jino Bovu, Damu Yenye Sukari na Mfuko Mtupu

Nchi ya Marekani husifiwa duniani kote kwa hospitali zake kubwa na madaktari wake mashuhuri. Hata hivyo, mtu aumwaye jino huko, ikiwa hana bima ya afya, aweza kukaa na jino hilo mwaka mzima akimeza vidonge vya kutuliza maumivu. Na ikiwa mtu huyo ana ugonjwa wa kisukari, jino moja laweza kumtia katika hatari ya kufa. Hesabu za serikali ya nchi hiyo zilionyesha kwamba mwaka 2023 watu takriban milioni 26 hawakuwa na bima yoyote, na kwamba wenye kisukari hupita milioni 38. Tukikumbuka kuwa maelfu ya wasemaji wa Kiswahili, hasa wakimbizi kutoka Kongo, wamefanya makao huko, tutaona kwamba habari hii haiko mbali nasi.

KINYWA NA DAMU

Yafaa kwanza msomaji aelewe jinsi maradhi haya mawili yanavyosaidiana. Sukari inapozidi katika damu, chembe nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili, hulegea. Mishipa midogo ipelekayo damu kwenye fizi hudhoofika, mate hupungua, na kinywa hukauka. Hapo vijidudu hupata nafasi ya kustawi. Fizi huvimba, hutoka damu wakati wa kupiga mswaki, kisha huachana na meno, na mfupa unaoyashika huliwa polepole hata jino likalegea.

Ubaya wake ni kwamba njia hii ina pande mbili. Uvimbe wa fizi nao huufanya mwili uikaidi insulini, na sukari ikapanda. Mgonjwa aweza kufuata masharti yote ya chakula na dawa, akashangaa mbona kipimo chake hakishuki, kumbe adui amejificha kinywani. Uchunguzi wa madaktari umeonyesha kwamba kutibu fizi zilizougua huteremsha kwa kiasi fulani kile kipimo cha sukari kionyeshacho hali ya miezi mitatu.

MPAKA ULIOWEKWA NA WATU

Ikiwa ndivyo, kwa nini kinywa kikatengwa na mwili? Mwaka 1840 chuo cha kwanza cha utabibu wa meno kilifunguliwa mjini Baltimore, na tangu hapo madaktari wa meno wakawa na vyuo vyao na leseni zao, mbali na madaktari wengine. Bima zikaufuata mpaka huo. Sheria ya mwaka 1965 iliyoanzisha Medicare, bima ya serikali kwa wazee, iliacha nje matibabu ya kawaida ya meno. Medicaid, iliyo ya mafukara, huwalipia watoto meno yao, lakini kwa watu wazima kila jimbo hujiamulia. Sheria ya mwaka 2010 iliyopanua bima nayo haikuwalazimisha wenye kuuza bima kuyatia meno ya watu wazima.

Wala haki iliyo katika maandishi haitoshi peke yake. Mwaka 2007, katika jimbo la Maryland, mtoto wa miaka 12 alikufa baada ya vijidudu vya jino bovu kupanda hadi kwenye ubongo. Jamaa yake walikuwa wamepotewa na bima ya Medicaid, na madaktari wa meno wenye kuipokea walikuwa wachache. Kuling'oa jino lile kungaligharimu dola 80 hivi. Matibabu ya hospitali yalipita dola 200,000, na mtoto hakupona.

BEI YA INSULINI

Insulini iligunduliwa mjini Toronto mwaka 1921, na wavumbuzi wake waliiachia chuo kikuu haki ya dawa hiyo kwa dola moja moja. Lakini insulini mpya iitwayo Humalog, iliyotoka mwaka 1996 kwa dola 21 hivi kwa kichupa, ilifika takriban dola 275 baada ya miaka ishirini na ushei. Mwaka 2017 kijana mmoja wa Minnesota, aliyetimiza miaka 26 na kutoka katika bima ya mamake, alikufa akijipunguzia dozi ili dawa imfikishe siku ya mshahara. Jimbo lake lilitunga sheria mwaka 2020, kwamba mwenye dharura apewe dawa ya siku 30 kwa dola zisizozidi 35. Mwaka 2023 makampuni makubwa matatu yalitangaza kupunguza bei, nayo yana mipango ya dola 35 kwa mwezi hata kwa asiye na bima. Lakini mgonjwa hana budi kuijua mipango hiyo na kuiomba mwenyewe.

MAHALI PA KUKIMBILIA

Wengi hukimbilia hospitali usiku. Sheria ya mwaka 1986 huzilazimisha hospitali kumpima na kumtuliza kila mwenye dharura, awe na fedha au asiwe nazo, ingawa hati ya malipo yaweza kumfuata nyumbani. Lakini daktari wa zamu aghalabu hana vyombo vya meno. Hutoa dawa ya kuua vijidudu, kisha humshauri mgonjwa amwone daktari wa meno, yule yule aliyemshinda bei. Maumivu hutulia siku chache, jino hubaki.

Msaada ulio bora hupatikana katika vituo vya afya vya jamii, ambavyo mfano wake wa kwanza ulianzia Boston mwaka 1965. Leo viko takriban 1,400, huhudumia watu zaidi ya milioni 30 kwa mwaka, na hutoza kwa kadiri ya pato la mtu. Vingi vina daktari wa meno chini ya paa moja na daktari wa kisukari. Vyuo vya utabibu wa meno pia hutibu kwa bei nafuu, wanafunzi wakifanya kazi chini ya macho ya walimu wao. Tena kuna Remote Area Medical, shirika lililoundwa mwaka 1985 na Stan Brock, Mwingereza aliyetaka kuwatibu watu wa misitu ya Amerika ya Kusini. Mahitaji aliyoyakuta Tennessee yalimfanya aufungue mlango wake Marekani kwenyewe, ambako watu hulala ndani ya magari yao wakingoja zamu ya kung'olewa jino bure.

MAMBO YA KUSHIKA

Mwenye kisukari, popote alipo, na ayashike haya. Apige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, asafishe katikati ya meno kwa uzi, na aache tumbaku. Aendapo kung'olewa jino, amwambie daktari ugonjwa wake na dawa azitumiazo, wala asiache kula au kujidunga bila ya kushauriwa. Asibadilishe aina ya insulini kwa sababu ya bei kabla ya kumwuliza daktari, kwa kuwa zile za zamani hufanya kazi kwa saa tofauti. Asiweke aspirini juu ya fizi, kwani huiunguza. Na akiona shavu au shingo imevimba, ana homa, au anashindwa kumeza au kupumua, asingoje asubuhi. Aende hospitali saa ile ile.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Maryland dola 80 hazikupatikana, na ukuta uliojengwa baadaye haukumfaa mtoto yule. Nchi yoyote inayopanga bima ya watu wake yapaswa kuitazama hesabu hiyo kabla ya kuamua kwamba meno ni jambo la baadaye.