Zoruba ya Ziwa Kivu: tuvuke ao tungoje?



Konje ya Pasaka inaanguka katikati ya majira ya mvua, na wengi wetu tunarudi kwetu kwa njia ya ziwa, pamoja na mama, wadogo na mizigo. Kwa hiyo sisi wa darasa la mwisho tumeona vema kueleza jambo moja: zoruba ya ziwa iko na saa zake na alama zake. Mwenye kuzijua anaweza kulinda jamaa yake mbele ya kupanda mtumbwi.

Upepo ule unatoka wapi? Ziwa Kivu liko karibu metre 1.460 juu ya bahari, na milima inalizunguka. Mchana, jua linapasha udongo moto upesi kuliko maji. Upepo unatoka ziwani kwenda milimani, na kisha adhuhuri mawingu mazito yanajikusanya kule juu. Usiku mambo yanageuka. Milima inapoa upesi, lakini maji yanalinda joto yake. Hewa ya baridi inashuka toka pande zote, inakutana juu ya ziwa na kusukuma juu ile hewa ya moto yenye unyevu. Hapo zoruba inazaliwa. Ndiyo sababu usiku na alfajiri ni saa za kuogopa. Hata mangaribi, zoruba ya milimani inaweza kushuka ziwani.

Alama ya kwanza ni wingu jeusi. Ya pili ni upepo wa baridi unaokuja gafula. Mvua ikianguka inapoza hewa. Hewa hiyo inakuwa nzito, inashuka na kukimbia mbele ya mvua yenyewe. Basi ukisikia baridi ile, usiseme: « Mvua ingali mbali. » Zimebaki minuti tu.

Alama ya tatu ni radi. Mwaka 2016 wataalamu waliohesabu radi kwa satelite waliweka eneo la Kabare la pili katika dunia nzima, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela: karibu radi 205 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka. Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilometa 1. Zikiwa chini ya 30, mahali pako si ziwani.

Mwaka 2022, mwezi wa 11, tulitoka Idjwi kwenda Kalehe na mama, nyanya na wadogo wawili. Katikati ya njia mwenye mtumbwi aliona wingu, akageuza motere kuelekea kijiji cha karibu. Watu walikasirika. Mfanya biashara mmoja akasema: « Weye muoga! Soko itaisha! » Yeye akajibu: « Soko iko kila juma. » Hatujamaliza kushusha mizigo, upepo ukafika, na mawimbi yakaanza kupiga mawe ya kando kwa nguvu. Tulingoja saa tatu katika nyumba ya watu tusiowajua. Nyanya alikuwa akitetemeka, lakini wote tulikuwa pale, na jioni yule mfanya biashara alimununulia mwenye mtumbwi chai.

Zoruba ikiwakuta mbali na inchi, fanyeni hivi:

1. Wote wakae chini kabisa, ndani ya mtumbwi. Anayesimama anaupindua, tena radi inamutafuta.
2. Watu wasikimbilie upande mmoja.
3. Mwenye kuongoza aelekeze pua ya mtumbwi kwenye mawimbi. Wimbi la ubavuni ndilo linalopindua.
4. Wenye nguvu wachote maji bila kuacha. Kuomba ni vizuri, na mikono inaweza kuchota wakati kinywa kinaomba.
5. Mama amufungue mtoto mgongoni, amushike mbele, apate kuona kama kichwa chake kiko juu ya maji.
6. Asiye na jile ashike bidoni tupu lililofungwa vizuri; linaelea. Mtumbwi wa mbao ukipinduka, mushikilie. Usiuache kwa kutaka kuogelea mpaka kando.

Mukifika inchi kavu, musikae chini ya muti, wala musirudi majini mbele ya minuti 30 kisha ngurumo ya mwisho. Musijifiche kwenye mlango wa mto. Tarehe 4 mwezi wa 5, 2023, siku ya soko la Nyamukubi, mito ilishuka toka milimani ikabomoa Bushushu na Nyamukubi katika Kalehe. Watu zaidi ya 400 walikufa.

Tusisahau tena uzito. Ajali kubwa za ziwa letu, ile ya Kalehe mwezi wa 4, 2019, na ile ya karibu na Goma tarehe 3 mwezi wa 10, 2024, zote mbili watu na mizigo vilikuwa vimepita kiasi. Mtumbwi wa namna hiyo hauhitaji zoruba kubwa.

Kinachobaki ni kigumu kuliko kuhesabu sekunde. Nani atasema: « Tungoje »? Baba amekwisha kulipa, mama ana soko, na mtoto hapashwi kuwafundisha wakubwa. Lakini mara nyingi mwanafunzi ndiye peke yake aliyejifunza sababu ya upepo. Aseme kwa heshima, mbele ya mizigo kupandishwa: « Baba, wingu lile linashuka. Tungoje kidogo. » Akikataliwa, aseme mara ya pili.

Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho