Neno "kanisa" na asili yake
Wareno walianza kujenga Ngome ya Mombasa mwaka 1593, wakanyang'anywa na Waomani mwaka 1698. Walituachia neno padri. Lakini nyumba ya ibada ya Wakristo hatukuiita igreja kama wao, bali kanisa, kwa Kiarabu. Waarabu nao walilipokea neno hili kutoka Kiaramu, kwa maana ya mkusanyiko. Ndugu yake kwa Kiebrania ni Knesset, jina la bunge la Israel. Tutanabahi hapa: katika Kiarabu cha kale, kanisa huweza kuwa la Wakristo au sinagogi la Mayahudi. Basi tunapofasiri nyaraka za wazee wetu, tutazame kwanza muktadha, tusije tukawabadilishia dini majirani zao.