Wakala asiyejua kwamba amesahau

Modeli ya lugha, ile injini inayowaendesha mawakala wa akili mnemba, haibaki na chochote kikao kikiisha. Inachokijua kuhusu kazi yako ni maandishi yaliyomo kwenye dirisha lake la muktadha kwa wakati huo tu. Hata ndani ya kikao kimoja kirefu, dirisha likikaribia kujaa, programu nyingi hufupisha mazungumzo ya mwanzo ili kupata nafasi, na muhtasari huo huacha mambo nje. Ndiyo maana watengenezaji humwekea wakala kumbukumbu pembeni: faili au kanzidata, pamoja na zana ya kuandika humo na nyingine ya kusoma.

Wakala huwa haoni msimbo wa zana hizo. Anapewa jina la zana, maelezo mafupi kwa lugha ya kawaida, na orodha ya vigezo vyake. Ndivyo ilivyokuwa kampuni ya OpenAI ilipoiwezesha modeli kuita kazi za programu Juni 2023, na ndivyo ilivyo katika Model Context Protocol, kiwango cha kuunganisha modeli na zana kilichotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024. Sentensi mbili tatu hizo ndizo zinazoamua kama zana itatumika au itakaa bure.

Kwa zana nyingi, hata maelezo mabovu huvumilika. Mtu akiuliza kama kesho mvua itanyesha Arusha, swali lenyewe linaielekeza modeli kwenye zana ya hali ya hewa. Zana ya kurejesha kumbukumbu haina bahati hiyo, kwa sababu anayeihitaji ndiye asiyejua kwamba kuna kitu amesahau.

Tuchukue mfano wa zahanati inayohamisha daftari la dawa kwenda kwenye kanzidata kwa msaada wa wakala. Jana mhudumu alimwambia wakala asiguse safu ya namba za toleo, kwani mfamasia bado anazihakiki. Leo anafungua kikao kipya na kuandika: “Ondoa mistari iliyojirudia kwenye jedwali la dawa.” Hakutaja jana, wala hakusema “tuendelee”. Zana ya kumbukumbu ipo, na maelezo yake yanasema: “Hurejesha kumbukumbu za kikao.” Ni kweli, lakini modeli haikuombwa kurejesha chochote, basi inaingia kazini moja kwa moja. Mistari miwili ya amoksilini inayotofautiana kwa namba ya toleo tu inaonekana kama marudio, na mmoja unafutwa.

Maelezo hayohayo yangeweza kuandikwa hivi:

“Iite zana hii kwanza katika kila kikao kipya, kabla ya kujibu au kugusa faili, hata kama mtumiaji hajataja kazi ya zamani. Iite tena mazungumzo yakifupishwa. Hurudisha maamuzi, makatazo na kazi zilizobaki za mradi huu, pamoja na tarehe zake. Haitafuti neno fulani. Kwa hilo tumia tafuta_kumbukumbu. Ikirudisha orodha tupu, mradi ni mpya: usibuni historia.”

Kipande cha “hata kama mtumiaji hajataja” ndicho kinachobeba mzigo. Kinaifunga zana kwenye wakati wa kuitumia, si kwenye maneno ya mtumiaji. Sentensi inayotaja zana jirani nayo si pambo: zana mbili zikieleza mambo yanayokaribiana, modeli huchagua kwa kubahatisha, na mara nyingine huziita zote.

Lile la orodha tupu linahitaji msaada wa mwandishi wa msimbo. Kanzidata isipopatikana, zana irudishe kosa na iseme wazi kwamba imeshindwa kusoma. Ikirudisha orodha tupu, wakala ataamini kwamba mradi unaanza leo, na huenda akaandika juu ya kazi ya wiki nzima.

Vigezo navyo vina mtego wake, na sijui kwa nini hauzungumzwi zaidi. Zana nyingi za aina hii hudai namba ya kikao kilichopita. Wakala ataitoa wapi, ikiwa amesahau? Akilazimishwa kujaza, atabuni namba inayofanana na ya kweli. Heri programu yenyewe ijaze utambulisho wa mtumiaji na mradi, zana ibaki bila kigezo cha lazima.

Kuna wanaopiga kelele kwa herufi kubwa: LAZIMA, DAIMA, KWANZA. Hata maagizo yanayoambatana na zana ya kumbukumbu ya Anthropic huiambia modeli kwa herufi kubwa iangalie saraka yake ya kumbukumbu kabla ya jambo lolote. Kwa zana moja sioni tatizo. Lakini nimeona orodha ambamo kila zana inadai kuwa ya kwanza, na hapo hakuna iliyo ya kwanza.

Maelezo yaseme pia kumbukumbu zina uzito gani. Kilichorudi ni rekodi ya wakati uliopita, na huenda mfamasia alishamaliza kuhakiki tangu jana. Rekodi ikigongana na hali ya faili, wakala amwulize mtumiaji. Hatari kubwa zaidi ni pale wakala anaposoma ukurasa wa mtandao wenye maagizo yaliyofichwa, akayahifadhi kama kumbukumbu: kila kikao kipya kitaanza kwa kuyasoma upya. Sentensi ya tahadhari kwenye zana ya kusoma hupunguza hatari, lakini ulinzi wenyewe uwekwe upande wa kuandika, kwa kuchuja kinachoingia.

Kabla ya kuiachia zana kwa watu, ijaribu kwa ujumbe wa kwanza usiogusia kazi ya zamani hata kidogo, kama ule wa zahanati, na utazame kama inaitwa kabla faili halijaguswa. Kisha endelea na kikao hichohicho kwa maswali kadhaa. Ikiitwa tena kwa kila swali, maelezo yamezidi ukali, na kila mwito unarudisha maandishi yaleyale yanayokula nafasi ya dirisha.